Sili imefika nzima, katoni zimepungua: ninunue vifaa vya kufuatilia kontena au tatizo liko kwingine?

MwendaKobero (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za kazi. Nina ofisi ndogo ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya kazi yetu ni mizigo ya wafanyabiashara wa Bujumbura inayoshushwa hapa na kuvuka mpaka wa Kabanga na Kobero. Hivi karibuni kontena la futi 40 lililojaa vipuri vya pikipiki kutoka Guangzhou lilifunguliwa ghalani kwa mteja wetu mbele ya mashahidi. Sili ya bolti (kifungo cha chuma chenye namba, cha kutumika mara moja) iliyowekwa na mpakiaji ilikuwa nzima na namba yake ililingana na ile iliyoandikwa kwenye hati ya shehena, na sili ya kielektroniki ya forodha haikuwa imetoa tahadhari hata moja njia nzima. Pamoja na hayo, safu ya katoni zilizopaswa kuwa karibu na mlango haikuwepo, na zilizokosekana ni zile zenye vitu vidogo vya bei kubwa.

Kila ninayemuuliza ananionyesha karatasi iliyo safi. Wakala wa meli anasema alikabidhi kontena likiwa limefungwa, bandari kavu, yaani yadi ya makontena iliyo nje ya bandari, inasema ililitoa likiwa limefungwa, na mwenye lori anasema dereva wake alilifikisha likiwa limefungwa. Mteja naye hataki hadithi. Anataka fidia, au angalau aelezwe safari ijayo italindwa vipi.

Katikati ya mvutano huo amejitokeza muuzaji anayetushawishi tukodi kufuli zenye GPS, tufunge kamera kwenye vichwa vya malori na tujiunge na mfumo wake wa kompyuta ambao, kwa maneno yake mwenyewe, hautamruhusu mtu yeyote kugusa kontena bila sisi kujua. Kwa mizigo ya wateja wadogo, gharama ya kila safari italamba karibu faida yetu yote. Naomba walio kwenye kazi hii wanisaidie kwa mambo mawili: inawezekanaje sili ikafika nzima na mzigo ukapungua, na ni teknolojia ipi kati ya hizi inayostahili fedha ya ofisi inayotumia malori ya kukodi kama yetu?

Bawaba

Ndugu MwendaKobero, pole kwa mkasa. Kazi yangu ni kukagua na kukarabati makontena, kwa hiyo nitajibu swali la kwanza tu. La pili nawaachia wenye ujuzi wa mitambo.

Sili hailindi kontena, inalinda tundu ilimopitishwa. Simama nyuma ya kontena lolote na utazame mlango wa kulia, ambao ndio hufunguliwa kwanza kwa sababu ukingo wake unaukalia ule wa kushoto. Utaona nondo mbili ndefu za wima, kila moja ikiwa na mkono wa kuizungushia, na mkono huo umeshikizwa kwenye nondo kwa ribiti au bolti. Kwa kawaida sili hupitishwa kwenye kishikizo kinachobana ncha ya mkono. Mwizi anayeijua kazi yake haigusi sili kabisa. Hutoboa ribiti kwa keekee, mkono ukabaki umening'inia palepale na sili yake, kisha huizungusha nondo kwa spana ya bomba kana kwamba sili haipo. Akishamaliza kutoa mzigo hurudisha bolti yenye kichwa cha mviringo kinachofanana na ribiti, akapaka rangi ya kontena, na juu yake grisi na vumbi ili rangi mpya isimsaliti. Wengine huchomoa pini za bawaba, na wachache hukata bati la paa na kulichomelea tena, ingawa hiyo ni kazi ya mahali ambapo mtu ana usiku mzima na hana jirani.

Kwa hiyo picha ya sili pekee, ambayo naona kila mtu huipiga na kuituma, inathibitisha kwamba sili ipo. Haithibitishi kwamba mlango haukufunguliwa. Picha yenye maana ni ya mlango mzima, kisha picha ya karibu ya kila ribiti kwenye mikono yote minne, ya bawaba zote, na ya ncha za nondo pale zinapoingia kwenye makomeo ya juu na chini. Ukiona ribiti tatu zimechakaa na moja ina kichwa safi, au moja ni bolti na nyingine ni ribiti, kontena lisitoke hapo mpaka mtu aeleze.

Sili yenyewe nayo ina majaribio yake, nayo hayahitaji mashine: itazame, linganisha namba na karatasi huku ukiipitisha kidole kuhisi kama tarakimu zimekwanguliwa, ivute kwa nguvu, kisha jaribu kuizungusha sehemu ya juu, kwa sababu bolti iliyokatwa na kutiwa uzi wa skrubu huanza kufunguka mkononi. Hakikisha pia kwamba imepigwa herufi H, ambayo ndiyo alama ya daraja la juu kwenye kiwango cha kimataifa cha ISO 17712. Makontena mengi ya siku hizi yana tundu jingine la sili chini kabisa, kwenye komeo la nondo ya mlango wa kulia, na ukiiweka sili hapo ule ujanja wa ribiti haumsaidii mtu. Kama tundu hilo halipo, tumia sili ya waya wa chuma inayofunga pamoja nondo mbili za katikati, ile ya mlango wa kulia na ile ya kushoto. Bei yake haifiki popote ukilinganisha na kufuli ya huyo muuzaji wako.

KilindiniLeo (Mombasa)

Aliyosema ndugu Bawaba ndiyo hasa, na yanaeleza pia kwa nini sili ya kielektroniki ya forodha haikupiga kelele. Kifaa kile hutambua kukatwa au kufunguliwa kwa waya au pingu yake yenyewe. Kama nondo imezungushwa na pingu haijaguswa, chenyewe kinaona kila kitu ni salama.

Huku kwetu, Kenya, Uganda na Rwanda ziliunganisha mifumo yao ya ufuatiliaji mwaka 2017, kwa hiyo kontena likifungwa Kilindini, bandari ya Mombasa, linafuatiliwa kwa sili moja hadi Kampala au Kigali, badala ya kubadilishwa sili kila mpaka kama ilivyokuwa zamani. Kila lori hupangiwa njia yake kwenye ramani. Likiacha njia, likisimama muda mrefu pasipo kituo, au sili ikifunguliwa, chumba cha ufuatiliaji hupata taarifa na kikosi kilicho karibu na barabara hutumwa. Mfumo huu umefanya kazi kubwa, na mimi ni mmoja wa wanaousifu. Lakini tukumbuke uliwekwa kwa ajili gani. Adui wake ni yule anayeandikisha mzigo kuwa unapita kwenda nchi jirani, kisha anaushusha Nakuru au Eldoret na kuuza bila kulipa ushuru. Sili ile inalinda kodi. Wewe unalinda katoni, na aliyetoa katoni zako hakuwa na haja ya kuiacha barabara kuu wala kusimama mahali pasipo kituo.

Kuhusu huyo muuzaji, sitasema akuuzie au asikuuzie. Nitakupa maswali ya kumuuliza. Kwanza, je, kifaa chake kina kihisi cha mwanga kinachokaa ndani ya kontena? Ndani ya kontena lililofungwa ni giza totoro, na mlango ukifunguliwa hata kidogo mwanga huingia, mwizi awe ametoboa ribiti, amechomoa bawaba au amekata paa, na hata usiku mtu huhitaji tochi kutoa katoni. Kihisi hicho kinaona kile ambacho kufuli ya nje haikioni. Pili, kifaa kinafanya nini mahali pasipo mtandao wa simu? Kizuri huhifadhi kumbukumbu pamoja na saa zake na kuzituma mtandao ukirudi. Kibaya huacha pengo kwenye ramani, na pengo hilo ndilo mwizi analolipenda. Tatu, kinafanya nini kikizibwa mawimbi? Mawimbi ya setilaiti hufika ardhini yakiwa dhaifu mno, kiasi kwamba kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara ndani ya lori kinatosha kuyaziba. Kifaa cha maana huhesabu kupotea ghafla kwa setilaiti, huku lori likiwa mahali pa wazi, kuwa ni tahadhari yenyewe.

Na swali la nne, ambalo wauzaji hawalipendi: tahadhari ikilia saa nane usiku lori likiwa Nyakanazi, njiani kuelekea mpakani, simu inamwamsha nani, na huyo aliyeamshwa atamtuma nani? Serikali ina askari wa kutuma. Ofisi yako ina nani?

MwendaKobero

Nashukuru sana, wakuu. Nimerudia picha zote zilizopigwa bandarini, kwenye bandari kavu na kule Bujumbura. Kama Bawaba alivyotabiri, zote ni za sili, zimepigwa kwa karibu kiasi kwamba hata mkono wa mlango hauonekani wote. Kontena limesharudishwa kwa wakala wa meli, kwa hiyo ribiti hatuwezi kuzitazama tena. Je, kuna namna nyingine ya kujua mzigo ulipungua wapi?

MizaniNaHati

Ipo, na huenda tayari unayo kwenye faili lako bila kuitazama kwa jicho hilo. Tangu tarehe 1 Julai 2016 hakuna kontena lenye mzigo linaloruhusiwa kupakiwa melini bila uzito wake kuthibitishwa na mpakiaji, kwa mujibu wa mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini. Huo ndio uzito wako wa kwanza. Wa pili ni tiketi ya mizani ya bandarini, wa tatu ni tiketi ya kituo cha mizani cha Vigwaza, barabarani ukitoka Dar es Salaam, na kuna vituo vingine vya kupimia kati ya hapo na mpakani. Zipange kwa tarehe na saa, toa uzito wa lori na trela, kisha angalia namba iliporomoka kati ya mizani ipi na ipi.

Uzisome kwa uangalifu, maana mizani ina vishawishi vyake. Tangi likiwa na dizeli lita 400 lina uzito wa zaidi ya kilo 330, na hizo huisha njiani bila mtu kuiba kitu. Lori lililotoa kontena bandarini kulipeleka bandari kavu silo lililokwenda Burundi, kwa hiyo ni lazima upate uzito mtupu wa kila moja. Kilo mia au mia mbili zikipotea, usijenge kesi juu yake. Tani moja ya vyuma ikipotea, hiyo si dizeli. Tena uzito wa mpakiaji wenyewe unaweza kuwa umepatikana kwa njia mbili zinazokubalika, yaani kupima kontena lililokwisha kujazwa, au kujumlisha uzito wa katoni na wa kontena tupu. Njia ya pili hutegemea karatasi. Kama katoni hazikupakiwa kabisa kule Guangzhou, karatasi itaonyesha uzito kamili na mizani ya Dar es Salaam ndiyo itakayokuwa ya kwanza kusema kweli. Jambo hilo linatokea mara nyingi kuliko watu wanavyopenda kukubali, kwa sababu hati ya shehena ya kontena lililofungwa huandikwa kwamba mpakiaji ndiye aliyepakia na kuhesabu, na mwenye meli hajui kilichomo.

Chanzo cha pili ni skana. Ikiwa kontena lako lilipitishwa kwenye skana, kuna picha yake, na vipuri vya chuma vinaonekana vizuri kuliko nguo au mchele. Mashine kubwa za bandarini hutumia miale ya eksirei yenye nguvu ya kupenya zaidi ya milimita 300 za chuma, na picha huonyesha mahali palipojaa kwa weusi na mahali patupu kwa weupe. Safu nzima iliyokosekana mlangoni ingeonekana hata kwa mtu asiye mtaalamu. Picha hiyo ni ya forodha, kwa hiyo iombwe kwa barua rasmi inayotaja namba ya kontena na ya tamko la forodha, kupitia bima au polisi ikibidi.

Nasema "ikiwa lilipitishwa" kwa sababu si kila kontena hupita, hapa wala kwingineko. Marekani ilitunga sheria mwaka 2007 iliyotaka kila kontena linalokwenda kwao lipigwe skana kwenye bandari ya kigeni kabla ya kupakiwa, ikaweka mwisho uwe 2012, na tarehe hiyo imekuwa ikiahirishwa tangu hapo, kwa kuwa foleni ingesimamisha biashara. Nchi zote huchagua makontena ya kukagua kwa kusoma nyaraka na kupima hatari, na wahalifu nao husoma nyaraka hizohizo. Mei 2015 Singapore ilikamata tani 3.7 za pembe za ndovu ndani ya makontena yaliyotoka Kenya yakielekea Vietnam, yakiwa yameandikishwa kuwa ni majani ya chai. Chai ya Kenya hutoka kila siku na haimshtui mtu. Ndiyo maana walichagua chai.

Jambo la mwisho, na hili halingoji: toa taarifa ya upungufu kwa maandishi leo hii kama hujafanya hivyo. Kwa upungufu usioonekana kwa nje, kanuni za Hague, yaani kanuni za kimataifa za kubeba mizigo kwa meli ambazo hati nyingi za shehena hufuata, hutaka taarifa itolewe ndani ya siku 3 baada ya kukabidhiwa, na kesi ifunguliwe ndani ya mwaka 1. Kuchelewa taarifa hakufuti haki yako, lakini mzigo wa kuthibitisha unakuelemea wewe.

NywilaNgumu (Nairobi)

Nimesoma yote, nayo ni ya msaada, ila naona tunazungumzia mlango wa chuma tu na kuusahau mlango mwingine. Mwenye mkasa amesema waliochukua walichagua katoni zenye vitu vidogo vya bei kubwa. Katika kontena la futi 40 lenye katoni zinazofanana, mtu alijuaje kwamba hizo ziko mlangoni? Aliisoma orodha ya upakiaji. Na orodha hiyo haikupita kwenye kontena, ilipita kwenye barua pepe, kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye simu za watu.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni wa bandari ya Antwerp, Ubelgiji. Kuanzia mwaka 2011, kwa takribani miaka miwili, wauza dawa za kulevya waliwatumia wadukuzi kuingia kwenye kompyuta za kampuni zinazohudumia makontena bandarini hapo. Walianza kwa barua pepe zenye programu hasidi. Zilipogunduliwa na ukuta wa kinga ukawekwa, watu wao waliingia ofisini kwa miguu na kuchomeka kwenye kompyuta vifaa vidogo vinavyorekodi kila herufi inayobonyezwa. Kwa njia hiyo walijua kontena lenye kokeini iliyofichwa ndani ya mzigo halali wa ndizi au mbao liko wapi, wakapata namba za siri za kulitolea, na kutuma dereva wao kabla ya mwenye mzigo kufika. Hakuna uzio uliokatwa. Geti lilifunguliwa kwa heshima zote kwa sababu namba ilikuwa sahihi. Antwerp na Rotterdam zimelazimika tangu hapo kuachana na zile namba za siri zilizokuwa zikizunguka kwenye barua pepe, na sasa haki ya kuchukua kontena hukabidhiwa kidijitali kutoka kampuni moja inayotambulika hadi nyingine, kila mmoja akiacha jina lake.

Kwetu pia historia inaonyesha vivyo hivyo. Novemba 2015, Waziri Mkuu wa Tanzania wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipotembelea bandari ya Dar es Salaam, ilitangazwa kwamba makontena 349 yalikuwa yametoka bila kulipiwa kodi iliyokadiriwa kuwa shilingi bilioni 80. Makontena 349 hayapiti juu ya ukuta, yalipita getini.

Kwa ofisi ndogo hii ni habari njema, kwa kuwa mlango huu unafungwa kwa gharama ndogo. Kila mfanyakazi awe na akaunti yake kwenye mfumo wa forodha, na nywila isibandikwe ukutani wala kutumiwa na watu watatu. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye barua pepe. Mtu akiacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo, si baada ya mwezi. Orodha ya upakiaji yenye mpangilio wa katoni ibaki kwa wanaoihitaji, na dereva apewe karatasi yenye namba ya kontena na ya sili, si orodha ya vilivyomo. Mwambie pia mteja wako amwelekeze mpakiaji wa Guangzhou aweke katoni za bei kubwa mbele kabisa, mbali na mlango. Nashangaa kidogo kwamba ushauri huu haugharimu hata shilingi na bado ndio unaosahauliwa kila mara.

Halafu weka nakala ya nyaraka zako mahali pasipounganishwa na mtandao. Juni 2017 programu hasidi iliyojulikana kama NotPetya iliiangusha Maersk, kampuni kubwa ya meli, ikasimamisha shughuli kwenye vituo vyake katika bandari nyingi, na hasara ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na 300. Ilibidi waweke upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku zipatazo 10. Julai 2021 bandari ya Durban ilikwama kwa shambulio la namna hiyo dhidi ya Transnet, kampuni ya serikali inayoendesha bandari za Afrika Kusini. Siku mfumo ukizima, mwenye nakala ya karatasi ndiye anayeweza kuthibitisha kontena ni lake.

KilindiniLeo (Mombasa)

Nakubaliana na NywilaNgumu kwa sehemu kubwa, ila nisingependa mwenye swali aondoke akidhani vifaa ni upuuzi. Siri za ofisi zikitunzwa vizuri kiasi gani, mpagazi aliyepakua kontena jirani kule bandari kavu anajua rangi ya katoni za vipuri bila kusoma orodha yoyote. Kihisi cha mwanga hakizuii wizi, lakini kinakupa saa na mahali, na saa na mahali ndivyo vitu ambavyo huna leo. Kama mteja ana mzigo wa thamani, aongeze kifaa hicho kwa gharama yake mwenyewe, kiwekwe ndani kule kwenye kiwanda cha mpakiaji kabla ya mlango kufungwa. Kikiwekwa Dar es Salaam hakitakuambia lolote kuhusu Guangzhou wala safari ya baharini.

NywilaNgumu (Nairobi)

Hapo hatugombani, mkuu. Ninachokikataa ni kukodi kufuli za nje kwa kila safari na kuziita ulinzi. Na hizo kamera za kwenye kichwa cha lori zinatazama barabara na dereva. Mlango wa kontena uko mita nyingi nyuma, upande mwingine kabisa.

MwendaKobero

Wakuu, nimezipanga tiketi kama MizaniNaHati alivyoelekeza. Uzito wa mpakiaji na ule wa mizani ya bandarini vimekaribiana mno baada ya kutoa uzito wa lori, kwa hiyo katoni zilifika Dar es Salaam. Tiketi ya Vigwaza iko chini kwa zaidi ya tani moja, na nilipopiga hesabu ya dizeli kwa kukisia matangi yote mawili yalikuwa matupu, bado haifiki. Baada ya Vigwaza uzito haukubadilika tena kwa namna ya kutia shaka. Maana yake mzigo ulitoka kati ya geti la bandari na Vigwaza, na katikati hapo kuna mambo mawili tu: siku ambazo kontena lilikaa kwenye bandari kavu, na usiku mmoja ambao lori lilikuwa limeegeshwa yadi likisubiri nyaraka.

Taarifa ya upungufu niliitoa kwa wakala wa meli siku ya pili, ila kwa bandari kavu na kwa mwenye lori nimeitoa leo. Barua ya kuomba picha ya skana imeshapelekwa. Muuzaji nimemuuliza maswali ya KilindiniLeo. Kihisi cha mwanga anacho kwenye kifaa kingine ambacho hakunitajia mwanzoni, na bei yake ni chini ya nusu ya kufuli. Kwa swali la nani anaamshwa saa nane usiku hakuwa na jibu.

Naomba msaada wa mwisho kwa ndugu Bawaba. Nikitaka kontena likaguliwe linapotoka bandari kavu, je, wanalazimika kuniruhusu, na ukaguzi huo unafanywaje bila kuchelewesha lori?

Bawaba

Usiuombe kama fadhila. Uandike kwenye makubaliano yako na bandari kavu kwamba makabidhiano yatafanywa kwa ukaguzi wa pamoja, na kwamba fomu ya kutokea itasainiwa na mtu wao, mtu wako na dereva. Wengi hukubali, kwa sababu fomu hiyo inawalinda na wao pia pale upungufu unapotokea mbele ya safari. Anayekataa ameshakuambia jambo la kukufaa, na mjini hakuna bandari kavu moja tu.

Kwa upande wa muda, ukaguzi hauchukui zaidi ya dakika 15 kwa mtu aliyezoea. Azunguke kontena lote akipiga bati kwa nyundo ndogo na kusikiliza, kwa kuwa mahali palipochomelewa na kujazwa rangi nzito hutoa sauti iliyokufa. Achungulie chini ya trela kutazama mbao za sakafu. Afike mlangoni, apige picha za ribiti, bawaba na makomeo nilizozitaja, na kila picha ionyeshe namba ya kontena ama iwe kwenye mfululizo mmoja unaoanzia kwenye namba. Kisha aongeze ile sili ya waya kwenye nondo mbili za katikati, namba yake iandikwe kwenye fomu, na namba hiyo itumwe kwa mpokeaji wa Bujumbura moja kwa moja, isipitie kwa dereva. Siku hizi simu yoyote huweka saa na mahali kwenye picha, kwa hiyo hata kamera ya kununua huhitaji.

Mambo hayohayo yafanyike tena asubuhi ile lori linapotoka yadi. Kama ribiti za jioni na za asubuhi hazifanani, una watu wachache sana wa kuwauliza.